Damu ya Ijumaa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ninaandika kwa sababu leo nilinyamaza mkutanoni, na mtu hawezi kunyamaza kila mahali. Wageni walikuja kutoka Nairobi kuukagua utafiti wetu. Dkt. Onyiego, mkuu wa utafiti, akawatambulisha watu wake mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo na kwa sifa. Alipofika kwangu akasema: na huyu ni Calvince, kijana wetu wa kubeba damu. Wakacheka kidogo. Nami nikacheka!

Kijana wa kubeba damu. Shahada ya biokemia, daraja la kwanza. Nusu ya pendekezo la utafiti huu niliiandika mimi, katika chumba changu cha kupanga hapa Nyamira, na kuna sentensi ambazo daktari hakubadilisha hata nukta.

Utafiti wenyewe ni huu. Watoto wadogo wanaambukizwa virusi vya kifua. Virusi ni vilevile, lakini mmoja anapata makamasi na kikohozi, anarudi nyumbani na chupa ya dawa. Mwingine analazwa na kuwekewa oksijeni. Kwa nini? Tunapima madini ambayo yamo katika damu kwa kiasi kidogo mno – zinki na seleniamu – tuone kama upungufu wake ndio unaomwangusha mtoto. Swali zuri. Bado naliona zuri.

Ninachokitaka ni kimoja na sioni haya kukiandika hapa: jina langu juu ya makala itakayochapishwa. Ufadhili wa shahada ya uzamili hautolewi kwa kijana wa kubeba damu.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Mtoto mmoja amelazwa asubuhi, anaitwa Nyamongo. Bado hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mama yake ni Nyakerario, msichana wa rika langu, ameolewa upande wa Keroka. Mume wake, Onsongo, ni seremala kule Ogembo na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Sista Gentrix, muuguzi wetu, alichoma sindano, mimi nikashika mrija. Damu ikaenda maabara ikiwa bado na joto. Mzee Ogoti, fundi wetu wa maabara, akaitia katika mashine ya kuzungusha papo hapo. Chembe zikashuka chini, yale maji ya manjano yakabaki juu. Hayo ndiyo tunayoyapima. Yanawekwa kwenye barafu na kupelekwa Nairobi.

Mama mkwe, Bitutu, alikuja mchana na chupa ya uji wa wimbi. Wao kwa wao wanasema Ekegusii, lugha ya huku. Mimi ni mtu wa ziwa, siielewi, kwa hiyo wananigeukia kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Bitutu aliniuliza kama mimi ndiye daktari. Nikasema ni mtafiti. Akasema: haya, daktari.

Sikumsahihisha mara ya pili.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku kubwa! Majibu ya kundi la kwanza yamefika. Zinki ya watoto waliolazwa iko chini, zinki ya wale wa mafua iko juu, na katikati kuna pengo ambalo hata mtu asiyesoma angeliona. Dkt. Onyiego alisimama nyuma ya kiti changu akitazama kompyuta. Akaweka mkono begani mwangu. Calvince, hii ni makala, akasema. Na jina lako litakuwa la pili.

La pili! Nilitarajia la nne.

Nikashuka wadini nikiwa na furaha hiyo. Nyamongo amepona, alikuwa anafungwa mgongoni aende zake. Daktari ameruhusu tuwaeleze wazazi majibu kwa lugha nyepesi. Sikutumia lugha nyepesi. Nilisimama mbele ya kitanda, akina mama wa vitanda vyote wakanyamaza kunisikiliza, nami nikasema kwamba watoto wengine wa eneo hili, wanaokula vyakula vilevile vipatikanavyo hapa, wana madini ya kutosha katika damu zao, ndiyo maana virusi hivi vikiwapata huishia kuwa mafua tu. Nyamongo amepungukiwa, na yafaa lishe yake ichunguzwe.

Bitutu akauliza: wengine wa hapa-hapa?

Ndiyo, mama.

Wanakula hii-hii ugali ya wimbi? Hii-hii ndizi?

Hiyo hiyo, mama.

Akamgeukia mkaza mwana wake, na akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili wadi nzima isikie: Umesikia? Si shamba imekosa. Ni wewe.

Nyakerario alikaza leso iliyomshika mtoto. Nilidhani ameelewa ushauri.

Jumatano, 18 Juni 2025

Sista Gentrix amenikuta kantini. Profesa, akasema – ndivyo anavyoniita akitaka kunichoma – ile hotuba yako imefika sokoni kabla yako. Bitutu anamwambia kila mtu kwamba hospitali imeandika: mtoto alinyimwa chakula. Nikamwambia sikusema hivyo. Akasema: najua hukusema. Wewe ulisema vizuri zaidi.

Sikumaliza chai.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nilikwenda maabara kuchukua masanduku ya barafu. Mlinzi akanifungulia chumba cha nje. Mirija ya jana imesimama kwenye kishikio chake juu ya meza, kofia za buluu zimepangwa sawasawa kama watoto wa shule. Damu ndani imeganda, nyeusi. Haijazungushwa.

Nikampigia Mzee Ogoti. Simu imezimwa – bila shaka, ni Sabato, yeye ni mzee wa kanisa. Chumba cha mashine amekifunga na ufunguo yuko nao. Fundi wa zamu ya Jumamosi anashughulikia dharura za wadi peke yake. Mirija ya utafiti haigusi, ameambiwa asiiguse.

Nimekaa nayo muda mrefu, nikiitazama tu.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mzee Ogoti alifika asubuhi, mchangamfu, ananukia sabuni. Kwanza akaniuliza kama watu wa samaki hawana pahali pa kwenda Jumapili. Nikacheka kwa heshima. Kisha nikamuuliza kuhusu mirija ya Ijumaa.

Akanieleza bila kuficha kitu, kwa kuwa haoni cha kuficha. Ijumaa hufunga mapema ili awe nyumbani kabla jua halijatua. Damu inayotolewa alasiri hungoja hadi arudi. Ni hivyo tangu utafiti uanze.

Lakini mzee, ikikaa bila kuzungushwa –

Kijana, madini si maziwa, hayachachi. Akanipiga bega, akawasha mashine.

Chembe nyekundu zimebeba zinki nyingi kuliko maji yanayozizunguka. Ukiziacha zikae humo siku nzima na zaidi, zinavuja. Hili liko katika kitabu cha mwaka wa tatu. Nilikuwa nalijua. Yeye pia, pengine, aliwahi kulijua.

Na Ijumaa alasiri ni nani wanaokuja? Nimewaona kwa macho yangu kila wiki: akina mama Waadventista wamejaa kliniki na watoto wa makamasi, wanataka dawa kabla Sabato haijaingia. Mtoto mahututi hachagui siku. Huletwa Jumanne, Alhamisi, wakati wowote, na damu yake inazungushwa ingali moto.

Siandiki zaidi. Naweza kuwa nimekosea. Naomba niwe nimekosea.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Leo nimetoa damu yangu mwenyewe. Mirija miwili, mkono mmoja, dakika moja. Gentrix akauliza ninaumwa nini. Nikasema udadisi. Akasema huo hauna dawa hapa, jaribu Kisii.

Mrija wa kwanza nimemwomba Mzee Ogoti auzungushe mara moja. Wa pili nimeuchomeka miongoni mwa mirija ya watoto. Utangoja Sabato pamoja nao.

Jumatano, 9 Julai 2025

Majibu.

Damu yangu, mtu mmoja, mwenye afya, aliyekula samaki na maharagwe siku hiyo. Mrija uliozungushwa mara moja: zinki iko chini, karibu na ya Nyamongo. Mrija wa Ijumaa: iko juu kupita karibu watoto wote wa mafua. Katika mrija mmoja mimi ni wa kuwekewa oksijeni, katika wa pili ni wa kufutwa makamasi!

Nikarudi kwa majibu ya watoto nikayapanga upya kwa siku za wiki. Wale wa mafua waliokuja Jumatatu na Jumatano wako chini kama waliolazwa. Pengo lote ni Ijumaa. Ukiitoa Ijumaa, hakuna makala. Na hata tofauti ndogo inayobaki, homa yenyewe huileta, maana mwili ukiwa vitani huitoa zinki katika damu na kuificha kwenye ini.

Hatukupima ugonjwa. Tulipima Sabato.

Nyamongo hakupungukiwa na chochote ambacho watoto wa jirani wanacho. Yule msichana alimlisha mtoto wake kama kila mama wa kijijini kwao.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimemwambia Dkt. Onyiego. Nilijiandaa usiku kucha – nilivaa tai. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba angenisifu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akafunga mlango, ingawa korido ilikuwa tupu.

Umenionyesha nini, Calvince? Mirija miwili ya mtu mmoja. Hiyo ni hadithi.

Nikasema tunaweza kurudia na watu ishirini. Akasema muhtasari wa makala umeshakubaliwa, anausoma kwenye kongamano Kisumu Jumatatu ya tarehe ishirini na moja, na kaunti inasubiri kununua vidonge vya zinki. Vidonge hivyo vimewahi kumdhuru mtoto gani? Vinasaidia hata wanaoharisha. Nani ataumia?

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na leso na mtoto mgongoni, na ofisini mle halikuonekana kuwa jibu la kisayansi.

Halafu sauti yake ikawa laini. Wewe ni kijana mwenye kichwa. Barua yako ya ufadhili naiandika mwenyewe wiki hii. Jina lako ni la pili. Unataka niliondoe?

Nikasema: hapana, daktari.

Hapana, daktari! Ilitoka haraka kama mtu anayepiga chafya.

Mlangoni akanikumbusha kwamba nilitia saini ya usiri, na kwamba mambo ya data hayasemwi nje.

Jumapili, 13 Julai 2025

Nyakerario alinisubiri kwenye geti la hospitali baada ya zamu. Amekonda. Nyamongo mgongoni, amenona, anatafuna kipande cha ndizi. Ukimwona huwezi kuamini kwamba alikuwa yule wa mbavu.

Alianza kwa kuomba radhi kwa kunisumbua. Kisha akaeleza. Bitutu sasa ndiye anayemlisha mtoto. Yeye mama yake hapewi hata kijiko. Onsongo amepigiwa simu Ogembo, ameambiwa mke wake alikuwa karibu kuua mtoto na hospitali imethibitisha. Anakuja. Ndugu za Nyakerario wameitwa pia. Kitakaliwa kikao: abaki, au arudishwe kwao na mtoto aachwe.

Daktari, akasema, ile damu ya Nyamongo. Ilikuwa ukweli?

Nikamwambia kwamba matokeo ya utafiti yanahitaji kufasiriwa kwa uangalifu, kwamba kuna mambo ya kitaalamu yanayoendelea kutazamwa, na kwamba –

Mimi sitaki Kiswahili mingi. Mtoto yangu alikosa chakula, ndiyo ama hapana?

Bodaboda zilikuwa zinapita. Kulikuwa na watu wanaonifahamu upande wa pili wa barabara. Nikatazama pale getini palipoandikwa jina la hospitali.

Nikasema hapana. Kwa sauti ya chini sana, lakini nilisema.

Hakufurahi, wala hakushukuru. Alisema: basi ulisema kwa sauti kubwa, na sasa unasema kwa hii ndogo.

Akaenda zake. Nilikuwa nimejifunza msamiati wa lugha hii miaka yote ili nisijibiwe hivyo na mtu.

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimekwenda kwa Mzee Ogoti. Nilifikiri hivi: yeye akikiri jinsi damu ya Ijumaa ilivyokaa, daktari hataweza kuiita hadithi. Nilimkuta anafuta meza. Nilizungumza kwa adabu yote niliyofunzwa. Nilimwonyesha majibu ya mirija yangu miwili.

Hakupinga. Hilo ndilo lililonitia baridi. Alisoma, akavua miwani, akaketi.

Kwa hivyo utaandika, akasema, kwamba Sabato imeharibu utafiti.

Nikasema hapana, mzee. Ni mpango wa kazi ulioharibu. Tungepewa fundi wa pili wa Ijumaa, au ufunguo ungeachwa –

Wewe utaandika mpango wa kazi. Watu watasoma Sabato. Watasema Ogoti alikimbilia kanisani akaacha damu za watoto mezani. Nimekuwa mtu wa kuheshimika hapa kabla wewe hujajua kuvaa soksi. Ulikaa nami wiki hizi zote unacheka mizaha yangu, kumbe unanitega kwa damu yako.

Hata sikuweza kusema si kweli. Ule mrija niliuchomeka bila kumwambia.

Nikamtajia Nyakerario. Ile familia anaifahamu. Yeye na Bitutu wanaabudu kanisa moja. Kwa muda kidogo uso wake ulilegea, nikaamini tumefika. Kisha akavaa miwani tena. Mambo ya nyumba ya watu yana wenyewe, akasema. Daktari amesemaje?

Nikamwambia daktari amesemaje.

Basi umejibiwa, akasema, na akaendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Barua ya ufadhili imeandikwa. Daktari amenipa nakala niisome. Inasema nina uadilifu wa kipekee katika kushughulikia data.

Nimeisoma mara tatu. Imeandikwa vizuri.

Gentrix akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho – yeye pekee. Nilitarajia mzaha. Akasema: mimi nilidhani sisi tuliotoka nje, mimi na wewe, tunapata shida hapa. Kumbe kuna mtu ameolewa hapa-hapa na ana shida kuliko sisi. Halafu akauliza kama nitakwenda Kisumu na daktari. Nikasema gari linaondoka Jumatatu alfajiri, nafasi yangu ipo. Akasema, aha. Hiyo "aha" yake imekaa nami siku nzima.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Simu, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu anayechagua maneno. Ni Onsongo, mume wa Nyakerario. Amefika kutoka Ogembo.

Akaniomba msamaha kwa kunipigia wakati wa kazi. Akasema hana ugomvi nami. Anachotaka ni kusikia. Mama yake anasema daktari kijana alisema hivi, mke wake anasema daktari kijana baadaye alisema vile, na yeye hawezi kuvunja nyumba wala kuijenga kwa maneno ya kubebwa. Kwa hiyo wamekubaliana, pande zote mbili: nije mwenyewe, Jumapili. Wazee wa kwao watakuwepo. Kaka zake Nyakerario watakuwepo, na wamekodi gari, kwa sababu ikiwa ni kumchukua watamchukua siku hiyo hiyo.

Nikamwambia kuna masharti ya usiri yanayonifunga. Yalisikika ya kipuuzi hata masikioni mwangu.

Daktari, akasema, siku ile wadini ulikuwa umefungwa?

Nikasema nitakuja.

Ndivyo nilivyosema. Nitakuja. Na nilipolisema nilihesabu, kwa haraka ileile ninayohesabu nayo kila kitu: nikisema ukweli katika boma lile, utakuwa umemfikia Dkt. Onyiego kabla ya jioni, na Jumatatu alfajiri hakutakuwa na nafasi yangu garini, wala jina la pili, wala barua. Nikisema vile nilivyosema wadini, msichana atapanda gari la kaka zake na mtoto atabaki na bibi. Sikupata hesabu ya tatu.

Kisha nikakumbuka jambo. Nikamweleza Onsongo kwamba mimi Ekegusii siijui, na kwamba wazee huenda Kiswahili changu kikawawia kigumu.

Hilo lisikusumbue, akasema, na sauti yake ikachangamka kwa mara ya kwanza. Wewe sema tu Kiswahili chako chote. Tumemwomba mzee wa kanisa atufungulie kwa maombi, na ndiye atakayetafsiri. Anajua Kiswahili sana, na mambo ya damu anayafahamu, ni mtu wa hospitali kama wewe. Mzee Ogoti. Amekubali.

Daktari? Uko?

Nipo.

Basi ni Jumapili, akasema. Nyumbani kwa mama. Saa nane mchana.